Nilikuta Wameshanizika

Ipo siku moja ambayo naikumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda, Mwanangu, nikuite hivyo ingawa si mimi niliyekuzaa, na ajabu yake ni kwamba ilikuwa siku ya furaha. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, lakini kichwani nilikuwa bado kijana. Nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya kando ya mto, si mbali na mtaa wa Juba Na Bari, hapa Juba. Hoteli yenyewe haipo tena, kwa hiyo sina haja ya kuitaja kwa jina. Mchana ule kulikuwa na harusi. Nilipika mbuzi, samaki wa mtoni na pilau ya masufuria sita, na watu walipomaliza kula wakataka kumwona aliyepika. Nikatolewa jikoni na aproni yangu yenye mafuta. Wakanipigia makofi. Kesho yake meneja akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo mimi ndiye mkuu wa jikoni.

Nilimpigia simu mke wangu, Nasimiyu, nyumbani kwetu karibu na Bungoma. Nikamwambia, "Mama Nekesa, hii Juba sasa ni yangu. Shida tumeagana nazo."

Alifurahi, nilimsikia. Kisha akasema, "Basi njoo utuone. Mwezi ujao mtoto anapokea komunio ya kwanza. Mama yako naye anakuulizia kila siku."

"Nitakuja," nikasema. "Kazi ikitulia kidogo."

Sikwenda. Nilikuwa nimelewa furaha. Mtu mwenye furaha ya namna ile hudhani muda wote ni wake, kwamba watu wake watakaa palepale walipo, wakimsubiri amalize kushangiliwa. Nilipiga simu kila jioni, ndiyo, lakini ilikuwa ya kujisifu. Leo nimempikia balozi, leo nimenunuliwa viatu. Sikuuliza sana habari zao. Mama alikuwa anaumwa miguu, nami nilijua kwa kuambiwa mara moja tu.

Kisha mapigano yakaja. Sitakusimulia mengi, wewe mwenyewe umesikia ya kutosha. Wenye hoteli wakaondoka, wageni wakaondoka, Wakenya wenzangu wengi wakapanda ndege na mabasi wakarudi kwao. Mimi nilijificha siku kadhaa, na nilipotoka nilikuwa sina kazi, sina vyombo, hata nguo nyingine ya kubadilisha sina. Ningeweza kurudi nyumbani pamoja na wenzangu. Lakini niliona nitarudije, mimi niliyesema Juba ni yangu? Nikaitoa laini ya simu, nikaitupa. Nikajiambia nitawatafuta mambo yakikaa sawa.

Nilipata chumba mtaa wa Munuki, katika uwanja wa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Keji. Kila alfajiri nilikwenda soko la Custom kukaanga chapati na kuwauzia maharagwe madereva wa malori yanayotoka Uganda. Ni kazi nzuri, Mwanangu, wala usiidharau. Unga wa hapa hukauka upesi kwa joto, lazima uufunike kwa kitambaa kibichi. Lakini mimi niliionea haya. Nilivaa kofia nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Nikimsikia mtu anaongea Kibukusu, lugha ya kwetu, nageuka upande wa jiko. Mmoja aliwahi kuniuliza kama mimi si Wafula, na hilo ndilo jina langu. Nikamwambia mimi ni mtu wa Mbale, Uganda. Alinitazama, akachukua chapati zake, akaenda. Nilitamani kumwita. Sikumwita.

Hivyo ndivyo nilivyoishi karibu miaka mitatu. Nikitoka sokoni naoga, nafunga mlango, nakaa. Jumapili nasikia nyimbo za kanisani nami niko kitandani nimelala chali. Mapigano yakaja tena, yakapita, nikabaki vilevile. Upweke ule ni wa namna yake, kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Watu wangu walikuwa hai, walikuwa na simu, na namba ya mke wangu niliijua kwa moyo.

Asubuhi moja Mama Keji alikuwa anafagia uwanja. Alikuwa mzee sana, aliyekaa uhamishoni Uganda sehemu kubwa ya maisha yake, na Kiswahili chake alikitoa huko. Akasimama na ufagio wake mbele ya mlango wangu.

"Wewe Mkenya," akasema, "watu yako nyumbani inajua wewe iko wapi?"

"Nitawapigia, Mama. Mambo yakikaa sawa."

"Mambo itakaa sawa siku gani? Iliandikia wewe barua?"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Sikia. Mimi nilikimbia hii Juba mara tatu, na mara tatu nilirudi. Siku ya kurudi tulicheza ngoma, lakini mimi sikusema kalas, taabu imeisha. Siku ya kukimbia nililia, lakini sikusema kalas, Mungu imetupa mimi. Wewe siku moja mbaya ilikuja, umesema kalas."

Kalas ni neno la hapa, ni kama kusema basi, imekwisha.

"Ni miaka mitatu, Mama," nikamwambia, "si siku moja."

"Ni siku moja tu. Ni wewe inarudia hiyo siku kila asubuhi."

Akaendelea kufagia. Nilikasirika, nakuambia kweli. Nilikwenda sokoni nimenuna. Lakini chapati za siku ile ziliungua, na kabla jua halijapanda sana nilifunga jiko, nikaazima simu ya jirani yangu muuza vitunguu, nikapiga ile namba.

"Nani?" akauliza mke wangu.

"Ni mimi. Baba Nekesa."

Nikamsikia anavuta pumzi. Kisha akasema polepole, "Usicheze na marehemu, wewe mtu," akakata simu.

Nilipiga tena, hakupokea. Siku ya tatu nikapanda basi. Nimule, Gulu, Malaba, njia nzima sikula kitu. Nilipofika kwetu, baba yangu mdogo alinikuta langoni. Alinishika mabega, akaniangalia usoni, akaniachia akarudi nyuma. Hakuniruhusu kuingia mpaka katekista alipoitwa akaja kuomba. Nilisubiri nje, kama mgeni, huku watoto wananichungulia kupitia ua.

Wakanipeleka nyuma ya nyumba. Mwenzangu mmoja wa hotelini alikuwa amewaambia aliniona mara ya mwisho nikikimbia kuelekea mtoni. Walisubiri. Mapigano ya pili yalipozuka wakakata tamaa, na wazee wakaamua nizikwe. Walizika shina la mgomba badala yangu, wakaweka msalaba wenye jina langu. Kando ya kaburi hilo kulikuwa na jingine, udongo wake bado mwekundu.

"La nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"La mama yako," baba mdogo akasema. "Alikaa miezi minne tu baada ya kukuzika."

Nilipiga magoti hapo. Hakuna aliyeniinua, wala siwalaumu. Nasimiyu alikuja akasimama mbali kidogo, amevaa kitambaa cha wajane. Nilimweleza yote, hoteli, aibu, kofia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tungekula na wewe mboga bila mafuta," akasema. "Ulidhani tulimpenda mkuu wa jikoni? Nimekulilia mpaka nikamaliza, Baba Nekesa. Sasa sijui nikupokee kama nani."

Nekesa, binti yangu, alinisalimia kwa mkono, akiwa ameinamisha macho. Nilikaa wiki mbili, nikilala kwa baba mdogo. Waliniletea chakula kwa heshima, kama anavyoletewa mgeni. Kisha nikarudi Juba, kwa kuwa huku walau nilikuwa na jiko.

Miaka imepita. Mama Keji naye alitutoka, nikawa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Nimepata kazi nzuri, nikaipoteza, nikapata nyingine. Binti yangu anasomea ualimu, na tunaongea kila Jumapili baada ya misa. Ananiita Mzee. Nilingoja miaka mingi aniite Baba, sasa napokea ninachopewa. Nasimiyu hunitumia salamu kupitia kwake. Nikiwa na kazi nawaambia nina kazi, nikiikosa nawaambia nimeikosa. Krismasi nachemsha chai ya kikombe kimoja, nawasha redio, nawasikiliza majirani wakipokea wageni wao.

Mwanangu, nisikilize sasa. Siku ikikupendeza, ifurahie, lakini usitangaze kwamba shida zimekwisha, wala usiwaambie watu wako "nitakuja" huku moyo wako umekaa kwenye makofi. Nenda wakati wangali wanakuulizia. Siku ikikuumiza, lia, hilo halina ubaya, lakini usijitungie hukumu ya maisha yako yote kwa sababu ya siku hiyo. Usichague kuonekana na wakupendao unapong'aa tu. Wape nafasi ya kukujua ukiwa juu na ukiwa chini, maana wewe ni yuleyule, na wao ndio watakaokukumbusha hivyo utakaposahau. Aibu huisha ukiisema. Ukiificha, inakula watu ambao hawakukosa kitu.

Mungu akupe siku njema, na akikupa akupe pia kichwa cha kuzibeba. Zikija ngumu, asikuache ukae nazo peke yako nyuma ya mlango uliofungwa. Wazazi wako wakuone ukiwa hai, wakuguse, wakubariki kwa mikono yao wenyewe. Na popote utakapokuwa ugenini, Mwanangu, pasikosekane mtu wa kukuuliza watu wako wako wapi, nawe uwe na la kumjibu. Amina.