Maswali Yaliyopimwa Msimu wa Mpunga

Siku yangu ya kwanza ofisini, Mratibu wa Mitihani alinikabidhi kompyuta na daftari la masharti. Nilikuwa nimefundisha hesabu Sanje miaka mingi, nikidhani mtihani ni mtu na kalamu yake.

"Hapa hatutungi, mama," aliniambia. "Hapa tunachagua."

Maswali yalikuwa tayari, mamia, yamehifadhiwa katika kile tulichokiita benki. Kila swali lilikuwa na kipimo cha ugumu, yaani katika watoto waliojaribiwa, wangapi walilipata. Mimi niliiandikia programu masharti kwa lugha ya hesabu: maswali arobaini tu, kila mada ipate fungu lake, swali moja lisifichue jibu la jingine. Kati ya karatasi zote zilizotimiza hayo, programu ilitafuta ile inayotenganisha vizuri zaidi aliyeelewa na aliyekariri. Ilikadiria pia alama ambayo kila shule ilitarajiwa kufikia. Ilimaliza kabla chai haijapoa. Niliipenda, sikatai.

Mratibu aliyemfuata alikuwa mtu wa haraka. Shule moja upande wa Chita ilipoanguka vibaya chini ya makadirio, Mwalimu Mkuu wake aliandikiwa barua: mwisho wa mwezi akabidhi ofisi. Alikuja ofisini kwetu Mlabani, barua mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Mama, haya maswali mliyapima lini?"

Nikafungua kumbukumbu. "Mei."

Akacheka bila furaha. "Mei wanangu wako dunguni, wanawinga ndege kwenye mpunga. Waliobaki darasani ni watoto wa watumishi na wenye maduka. Hao ndio mliowapima."

Alikuwa sahihi. Maswali magumu yalikuwa yameingia benki kama mepesi, na makadirio ya shule yake yakapanda kupita kiasi. Nilimweleza Mratibu.

"Kwa hiyo kompyuta imekosea?"

"Hapana, mkuu. Imefanya nilivyoiagiza. Mimi ndiye sikuuliza nani alikuwa darasani."

"Basi andika hivyo, utie sahihi. Lakini kumbuka jina lako liko mezani kwa ajili ya cheo."

Nimestaafu sasa. Vijana wanaojifunza kazi hii hunijia nyumbani, nami huwaambia sharti la kwanza waandike msimu: watoto wapimwe wakiwa wamerudi kutoka shamba. Wananisifu kwamba niliandika ile barua ya kukiri kosa.

Ni kweli, niliiandika. Niliiandika mwezi uliofuata, cheo changu kilipokwisha kuthibitishwa. Mwalimu yule alikuwa ameshakabidhi funguo, na mpaka leo naona aibu.