Alphonce Hakumtilia Mgiriki Sumu

Mume wangu Alphonce hakumuua mtu. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa Kigoma, wengine wamekula kwangu, waliowaambia wageni kwamba nyumba yetu ilipatikana kwa sumu. Nimefundisha historia sekondari hadi nikastaafu. Naijua habari ya uongo inavyoota mizizi ikiachwa bila kujibiwa. Basi naijibu.

Nyumba yenyewe wengi mnaijua. Iko juu kidogo ya stesheni ya reli, ina kuta nene za mawe na baraza yenye matao inayotazama ziwa. Wajerumani waliijenga iwe mahali pa kunywea maofisa wao. Baadaye, wakati wa Waingereza, ikashikwa na Mgiriki mmoja aliyeitwa Kosta. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele. Mwafrika alipewa chupa yake kwa dirisha la nyuma, akainywea uani amesimama.

Alphonce alifika hapo akiwa kijana mbichi kutoka Heru Juu, kijiji cha Waha, akaajiriwa kuosha glasi. Siku moja mhudumu aliugua, Kosta akamvika Alphonce koti jeupe na kumtuma apeleke bia kwa Mwingereza mmoja wa bandarini. Alphonce akaibeba vizuri hadi mezani, akainama, akanywa funda moja, kisha akamkabidhi mgeni glasi kwa mikono miwili.

Kwetu Buha ndivyo mtu anavyompa mgeni pombe. Anayetoa huonja kwanza, mbele ya macho ya anayepokea, ili ajue hakuna ubaya ndani. Kumpa mtu bila kuonja ni kumtukana. Alphonce alikuwa amempa yule Mwingereza heshima yote aliyofundishwa na baba yake. Alipigwa kofi.

Kosta akatoka mbio nyuma ya kaunta. "Wewe mwendawazimu? Unakunywa bia ya mteja?"

"Nimeonja, bwana. Nisipoonja, atajuaje?"

"Atajuaje nini?"

"Kwamba simchukii."

Kosta alicheka hadi akaishika kaunta. Lakini wateja walipoondoka alijimiminia glasi yake, akaisukuma mbele ya Alphonce. "Onja na hii. Na mimi nataka kujua." Tangu siku hiyo hakunywa kitu mle ndani kabla Alphonce hajaonja. Ulianza kama mzaha wao wawili, kisha haukuwa mzaha tena.

Uhuru ulipokuja, Alphonce aliliziba lile dirisha la nyuma kwa matofali, na Kosta ndiye aliyemchanganyia saruji. Wazungu wengine waliondoka mmoja mmoja. Kosta alibaki. Hakuwa na mke wala mtoto. Ini lake lilipoharibika, Alphonce alimwogesha, akamlisha uji, na uji huo pia aliuonja kwanza, kila mara. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa bibi harusi mpya ninayefua shuka za mgonjwa asiye ndugu yangu, na nilimwona Kosta anavyokufa: kwa ugonjwa wake, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wangu. Nyumba alikuwa ameshamwachia Alphonce kwa kinywa chake, mbele ya padri na wazee wa mtaa. Alphonce akaifunga baa. Akaifanya nyumba ya kulala wageni, wafanyabiashara wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi na abiria wanaosubiri meli, na humo tukamlea binti yetu, Melania.

Sasa nimseme Pastory. Ni mtoto wa jirani yangu, mtu mzima mwenye ndevu, nami nilimfundisha. Kazi yake ni kutembeza watalii. Akiwatoa Ujiji huwaleta mtaani kwetu kutazama majengo ya zamani. Alisikia vilabuni kwamba Mgiriki alikuwa akionjewa kinywaji. Hakuja kuuliza sababu, ingawa geti lake na langu yanatazamana. Akatunga yake: kwamba Mgiriki alimwogopa mhudumu wake, kwamba siku moja mhudumu hakuonja, Mgiriki akafa, na mhudumu akarithi.

Alikuwa akisimama barabarani na kuyasimulia hayo kwa Kiingereza, kwa sauti ya mnadani. Alphonce alikuwa ndani, hawezi kuinuka tena, na dirisha li wazi. Kiingereza alikijua, alijifunza kwa masikio kwenye kaunta ile ile. Nilimwona mume wangu akisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Funga dirisha, mama Melania." Hakumaliza mwaka.

Hata kaburi halijakauka, nikasikia kwamba kikundi chao cha waongoza watalii kinatengeneza kibao cha historia ya nyumba, kisimikwe mbele ya mlango wangu. Mwandishi ni Pastory. Nilimwendea mwenyekiti wao, Mzee Yona.

"Mwalimu, yeye anasema hivi, wewe unasema vile," akaniambia. "Mimi nitajuaje?"

"Njoo siku tunayomaliza msiba. Uje naye."

Walikuja. Wifi yangu Veneranda alikuwa ameleta pombe ya ndizi kutoka Heru Juu, na ukoo wote umeketi barazani. Veneranda alichota kwa kibuyu, akaonja, akampa mtu, akachota tena. Zamu ya Pastory ilipofika nilikichukua kibuyu mkononi mwa wifi yangu. Nilichota mwenyewe. Sikuonja. Nikampa.

Vichwa vyote viligeuka.

"Mwalimu," akasema akitabasamu, "umesahau kuonja."

"Sijasahau. Nyumba hii si inaua watu? Ndivyo unavyofundisha. Kama unaamini maneno yako, weka kibuyu chini, na kibao chako kije kesho. Ukinywa, ulikuwa unamsingizia mume wangu."

Kukataa kulikuwa kuniita muuaji mbele ya ukoo mzima, ana kwa ana, kwa Kiswahili, bila mtalii wa kumpigia makofi. Alikitazama kibuyu. Alimtazama Mzee Yona, naye Mzee Yona akatazama ziwa.

"Kunywa basi, profesa!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikazunguka baraza.

"Jamani, Mwalimu, hizi ni stori tu. Wazungu wanapenda stori yenye damu. Ukiwaambia mtu alikufa kwa ini, wanaanza kupiga picha mbuzi."

"Kwa hiyo Alphonce hakumuua mtu?"

"Hakumuua."

"Sema kwa sauti. Kule barabarani ulikuwa nayo."

"Hakumuua mtu!"

"Sasa kunywa."

Alikunywa. Alifumba macho na kugugumia haraka hadi pombe ikamlowesha kifua, na Veneranda akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. "Mtazameni! Anaogopa sumu aliyoipika mwenyewe!"

Mzee Yona akasimama. "Kibao hakiwekwi. Na wewe Pastory, usituongozee mgeni tena."

Mama yake Pastory alikuja kwangu baadaye, na wazee wawili wa mtaa. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mwalimu, wamemtoa kikundini. Anashinda Kibirizi akibeba magunia ya dagaa."

"Nimemwona."

"Ni mwanao pia, umemfundisha. Msamehe."

"Mume wangu alimsikia akiwa kitandani. Amwombe yeye."

Wazee walinisihi sana. Niliwapa chai, nikawasindikiza hadi getini. Kila ninapopita Kibirizi kununua samaki, Pastory huinamisha uso chini ya gunia, nami hupunguza mwendo ili aone kwamba ni mimi. Wapo wanaosema nina roho ngumu. Ni kweli, na haiwahusu.

Veneranda ameniuliza mara nyingi kama Alphonce, kabla hajafa, aliacha neno lolote juu ya Pastory. Aliliacha. Aliniambia mimi. Silitoi hapa, wala kanisani, wala kwa wifi yangu. Msiniulize tena.