Fatiha ya Kwenye Simu

Juzi, katika duka la kutuma pesa hapa Amu, mjini Lamu, mbele yangu alisimama Bi mmoja aliyevuka asubuhi kwa boti kutoka Mtangawanda. Alikuwa akiuza shamba lake la Kililana, na mnunuzi aliyempata kwa simu alimtaka atume kwanza ada ya kibali cha kuuza ardhi.

"Bi, huyo mtu amekuja kuliona shamba?" akauliza binti wa kaunta.

"Hajaja, mwanangu. Lakini yuwasema ndia ya kupata kibali ni hiyo. Na Fatiha tumeisoma, mimi naye, kwenye simu, mpaka amin."

Damu ilinichemka. Kwetu Fatiha ikishasomwa, neno limekwisha. Kurudi nyuma ni aibu kubwa. Mlaanifu yule alilijua hilo vizuri.

Binti akaomba simu, akampigia. "Bwana, hilo shamba unalonunua limepakana na la nani?"

Simu ikakatwa.

Pesa hazikutumwa. Bi akashika ndewe ya sikio lake, tupu. Vipuli alikwisha kumuuzia sonara apate hiyo ada. Akauliza polepole, "Sasa mimi ndiye niliyevunja Fatiha?"

Mpaka naandika haya, hasira haijanitoka. Mnunuzi hutoa pesa, hadai pesa. Hata dalali wetu hula chake mali ikishauzika. Anayekutaka ulipe ndipo anunue, mkatie simu, hata awe amehifadhi msahafu mzima.

Wezi wa zamani walivunja milango. Huyu alipiga hodi kwa Fatiha, nasi tangu chuoni, tukijifunza Kurani, tumefundishwa kuitikia amin.