Goti la Mama na Chaneli za HD

Mama yangu aliponywa goti zaidi ya mara mia, na halikupona hata mara moja. Aliyekuwa akimponya ni nabii wa kwenye runinga, bwana mwenye suti nyeupe na sauti ya mtu anayegombana na jenereta. Kipindi chake kilikuja kila Alhamisi saa kumi jioni katika chaneli moja ya bure. Mama alikuwa anakaa mbele ya runinga yetu ya zamani, ile ya kichogo kikubwa, anaweka kiganja kwenye kioo, nabii naye anaweka chake upande wa pili, basi goti linapokea. Juu ya runinga kulikaa chupa ya maji ya kuombewa. Kipindi kikiisha aliinuka, akashukuru kwa Kikipsigis, "Kongoi, Yesu," kisha akaenda jikoni akichechemea vilevile alivyokuja.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na Litein. Nyumbani kwetu ni upande wa Kiptere, na kwa kuwa Alhamisi mchana sina vipindi, ndiyo siku niliyozoea kuwaendea wazazi wangu. Kwa hiyo miujiza mingi nimeishuhudia kwa macho yangu, nikiwa na kikombe mkononi.

Baba amelima chai maisha yake yote. Ni Mkristo wa kusali Jumapili na kunyamaza siku sita zilizobaki. Kuhusu nabii alikuwa na sentensi moja tu, na aliirudia kila wiki akipita sebuleni kwenda zizini: "Huyo unabii ukimshinda, mnada wa ng'ombe unamngoja."

"Wewe mkejeli tu mtumishi wa Mungu," Mama alimjibu.

"Simkejeli. Namtafutia kazi."

Na wote wawili, mimi na Baba, tulikuwa na wimbo mmoja kwa Mama: enda hospitali. Tuliuimba miaka mitatu. Mama alitusikiliza kama watu wanavyosikiliza matangazo ya biashara.

Mwaka juzi bonasi ya chai ilikuwa nzuri. Msimu wa bonasi, Litein nzima hugeuka duka la magodoro na runinga, na Baba alirudi na runinga bapa, kubwa kuliko dirisha. Mama aliizunguka mara mbili akiwa na chupa yake mkononi. "Na hii," akauliza, "mtu anaweka wapi maji?" Hakukuwa na mahali. Tangu siku hiyo alipokea maombi akiwa ameibana chupa kwapani.

Runinga ilikuwa mpya, lakini picha zilikuwa zilezile za kale, sasa zimetanuliwa tu. Nabii alionekana kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia la kuogea. Ndipo siku moja maandishi yakaanza kupita chini ya kioo: chaneli mpya za HD sasa zinapatikana bila malipo, tafuta chaneli upya kwenye king'amuzi chako. Baba aliyasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, halafu akatoa hukumu.

"Cha bure hakuna. Hata ukifa, sanduku linanunuliwa."

Lakini yalipita tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akachoka kuyapinga. Akaniomba nimletee fundi.

Fundi mwenyewe ana duka la redio na antena sokoni Litein. Ni mtu wa makamo. Wazazi wake walihamia huku kutoka mkoa wa kati kabla hajazaliwa. Kikipsigis chake ni safi kuliko cha wanafunzi wangu, ila akiwa juu ya ngazi hutukana kwa Kikuyu akidhani hatuelewi. Tunaelewa.

"Mzee, hii kitu ni bure kabisa," alimwambia Baba. "Hakuna kulipa kila mwezi. Chaneli zimekuja, sisi kazi yetu ni kuzitafuta."

"Kwani zimepotea?"

"Hazijapotea. Ni king'amuzi chako hakijajua zimefika."

"Basi ni kama chifu," Baba akasema.

Fundi alichungulia nyuma ya runinga akacheka. King'amuzi kilikuwa kimeunganishwa kwa zile nyaya tatu za zamani, nyekundu, nyeupe na manjano. "Mmenunua ng'ombe wa gredi halafu mnamlisha majani ya mgomba!" Akazing'oa, akachomeka waya mmoja mnene. Kisha akahamisha antena, maana mikaratusi ya jirani ilikuwa inaziba mawimbi. Mahali pazuri palipatikana kando ya zizi, juu ya nguzo ndefu. Shida ilikuwa moja: ng'ombe akijikuna kwenye nguzo hiyo, mtangazaji wa habari alikatikakatika vipande akabaki mdomo peke yake. Baba alisema kwa wanasiasa hiyo si shida.

Halafu fundi akabonyeza rimoti. Namba zilikimbia, chaneli zikajipanga, na picha ilipotokea sote tulirudi nyuma kidogo, kama mtu ameingia bila hodi. Dada wa habari alikuwa na poda iliyokomea shingoni, na chini ya hapo akaanza mtu mwingine. Katika chaneli ya pili palikuwa na kipindi cha kilimo, na mchumaji chai akaonyeshwa kwa karibu. Baba alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Angalia huyo! Anachuma majani manne na kijiti! Nani amemfundisha? Toa hiyo takataka kwenye kikapu!"

Aliigombeza runinga mpaka kipindi kikaisha. Sijamwona akiwa na furaha namna hiyo tangu mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa.

Mama alingoja anyamaze, akamgeukia fundi. "Na nabii naye yumo kwa HD?"

"Yumo, mama. Utamwona mpaka vinyweleo."

Sasa, kuna jambo moja kuhusu Mama ambalo nabii hakulijua. Kabla goti halijaharibika, Mama alikuwa mkaguzi wa majani kwenye kituo cha kununulia chai. Kwa miaka mingi aliwatazama watu wakimwaga vikapu, na alijua nani huficha majani makavu chini, nani hunyunyizia maji yawe mazito, na nani hubadilisha kitambaa cha kichwa ili apitishe tena mzigo uliokataliwa. Sura alizisahau. Mikono hakuisahau.

Alhamisi ya kwanza ya HD, Mama alivaa kitambaa cha ushirika wa akina mama na akaalika rafiki zake wawili wa kanisani. Nabii alitokea, na tukaona kwamba nywele zake nyeusi zilikuwa na mizizi myeupe, na jasho lilikuwa linamchora mistari mashavuni.

"Amepaka rangi," nikasema.

"Na wewe mbona umepaka kucha?" Mama akanikata. "Nyamaza tuombe."

Mwanamke kipofu aliletwa jukwaani. Nabii akapiga kelele, mwanamke akafumbua macho, akainua mikono kushangilia. Kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda kama ndoana, na kwenye kifundo cha mkono palikuwa na kovu la moto. "Maskini," Mama alisema, "kidole hicho kilivunjika kikaungwa vibaya." Akaweka kiganja chake kwenye kioo.

Alhamisi ya pili aliletwa mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, amevaa miwani, hajatembea miaka saba. Nabii akanguruma. Mwanamke akasimama, akatupa mikono juu. Wageni wetu wawili walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Nilimwona akikunja macho, sura yake ya kituo cha chai imerudi, na kiganja chake hakikutoka kwenye chupa.

"Mama, hupokei leo?" mmoja wa wale akina mama alimuuliza.

"Leo natazama," akasema.

Alhamisi ya tatu hakualika mtu. Tulikuwa mimi na yeye. Akaletwa bubu, kilemba cha kijani hadi kwenye nyusi. Mama hata hakumtazama uso. Alingoja mikono ipande, na ilipopanda, kidole kikiwa palepale na kovu lake, alinyoosha mkono wake kwangu.

"Nipe simu."

Namba ilikuwa inapita chini ya kioo, inasomeka vizuri mno. Aliipiga mwenyewe, akaweka sauti ya juu. Kijana mmoja akapokea kwa sauti ya asali.

"Haleluya, mama mbarikiwa! Una ombi gani tukuombee?"

"Sina ombi. Nina swali."

"Uliza, mama."

"Yule dada wa kidole kilichopinda. Wiki ile alikuwa kipofu, wiki jana amelemaa, leo ni bubu. Mbona hamumpeleki hospitali apimwe yote mara moja?"

 Nyuma ya kijana tulisikia simu nyingine zikilia.

"Mama... haya mambo yanahitaji imani."

"Imani ninayo, mwanangu. Nilichokosa ni picha."

Simu ikakatwa. Mama aliirudisha mkononi mwangu, akazima runinga, akakaa. Nilitaka kucheka, na tayari mdomo ulikuwa umeanza, lakini nikaona ameishika ile chupa ya maji kwa mikono miwili, anaitazama. Alikuwa amewaambia wanawake wote wa ushirika kwamba goti linaendelea vizuri. Alikuwa amewagawia yale maji.

Baba aliingia kutoka zizini. Alikuwa amesikia yote dirishani. Nikajikaza, kwa maana mtu huyu alikuwa ameisubiri siku hii miaka mitatu na alikuwa na sentensi tayari. Alimtazama Mama.

"Nikuletee chai?" akauliza.

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia Baba akiuliza swali hilo. Alienda jikoni, vitu vikaanguka, akarudi na kikombe cha kitu kilichofanana na maji ya kuoshea sufuria. Mtu aliyelima chai miaka arobaini. Mama alikinywa chote.

Jumapili, wakati wa ushuhuda kanisani, Mama alisimama. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na sikujua lolote. "Ndugu zangu," akasema, "nilishuhudia hapa kwamba nimepona. Sikupona. Yule nabii anatumia mgonjwa mmoja kwa magonjwa yote." Mchungaji alianza kusogea kuelekea maikrofoni, lakini njia ilikuwa imejaa watoto. Mama akaeleza kidole, kovu, kilemba, kila kitu, kama anayesoma ripoti ya vikapu vilivyokataliwa.

Nje baada ya ibada, mmoja wa wale rafiki zake wawili alimkabili. "Hiyo HD ni ya shetani! Tulikuwa tunaona vizuri kabla ya kuona!"

"Basi rudi kwa ile ya zamani," Mama akamwambia. "Iko stoo, nitakupa bure."

Huyo hakuongea naye mwezi mzima. Yule mwingine alikuja Jumatatu asubuhi, kimya kimya, kuomba namba ya fundi.

Wiki hiyo hiyo nilimpeleka Mama hospitali. Daktari, msichana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha, alilibonyeza goti huku na huku akauliza limeuma kwa muda gani. Mama akasema tangu nabii aanze kipindi. Daktari aliandika kitu, sijui ni nini. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba ile sehemu laini inayokaa katikati ya mifupa imelika. Akampa dawa na mazoezi ya kufanya asubuhi na jioni, akamkataza kubeba kikapu cha chai mgongoni kwenye mteremko. Hilo la mwisho lilimuuma kuliko sindano.

Tukiwa njiani kurudi, mashamba ya chai yakiwa yamelowa pande zote mbili, nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa.

"Mama, mtu kama wewe, uliyewakamata wezi wa majani miaka yote hiyo. Ulimwaminije yule?"

 Alikuwa anakifunga na kukifungua kitambaa chake cha kichwa.

"Baba yako alisema enda hospitali. Wewe ulisema enda hospitali. Kila mtu aliniambia pa kwenda," akasema. "Yule alikuwa anauliza. Kila Alhamisi alisema, wewe uliye nyumbani, niambie unaumwa wapi. Alikuwa mwongo, lakini aliuliza."

Ilinichukua kilomita nzima kutunga swali la neno moja, na mimi ndiye ninayelipwa kufundisha watu kuongea. Mwishowe nikasema, "Linaumaje?"

Akaniambia. Alianza na siku lilipoanza, akaja asubuhi za baridi, akaja ngazi za kanisa na namna ya kuchuchumaa chooni, na tulipofika uani nikazima injini, alikuwa bado yuko katika mwaka wa pili. Tulikaa garini mpaka akamaliza wa tatu. Baba alitoka mara mbili kutuangalia, akarudi ndani.

Sasa anaendelea vizuri. Kwenye tambarare hachechemei tena, ingawa kwetu Kiptere tambarare haiko. Hunipigia simu kila jioni kuniripotia goti limeshindaje, na ripoti ni ndefu. Namsikiliza nikisahihisha insha, na wiki iliyopita nilijikuta nimempa mwanafunzi alama za juu sana kwa sababu Mama alikuwa amepanda kilima bila fimbo.