Muhonja Aliyefundisha Kuchechemea

Muhonja wa Mukumu alipatwa na polio akiwa mdogo, mguu wa kulia ukabaki mwembamba. Kwa miaka kumi na mmoja, kila siku ya soko, aliigiza na kikundi cha jirani yake Phanuel, watu wamesimama duara. Mchezo ulikuwa maisha yake mwenyewe: mama mkwe amemkataa kwa sababu ya mguu. Katikati alinyamaza, akageukia watu na mkongojo wake, akauliza, "Nirudi kwetu ama nikae?"

Na watu walijibu! Wauza omena, wakata miwa, wote.

"Kaa, mama! Huyo mama mkwe ndiye arudi kwao!"

Mimi mtazamaji wao wa kila soko nimeona mchezo ukisimama nusu saa, watu wakibishana.

Mwaka jana wakaja waigizaji wa kulipwa kutoka mjini. Walisema mchezo utaingia ukumbini Kakamega, na hakuna mtu ataachwa nje. Muhonja akashona nguo mpya. Alitaka jambo moja tu, asimame penye taa, katika maisha yake mwenyewe.

Siku ya mazoezi tukakuta jukwaa lina ngazi tisa, njia nyingine hakuna. Kageha, mwigizaji wa mjini, msichana mwenye heshima, alimshika mkono.

"Mama, utaanguka. Mimi nitaigiza nafasi yako. Nifundishe tu vile unatembeanga."

"Basi anza kwa kuugua, mwanangu."

Phanuel alicheka, kisha akaangalia chini. Muhonja alimfundisha wiki mbili nzima.

Siku yenyewe nilikaa naye viti vya nyuma. Kageha akageukia watu: "Nirudi kwetu ama nikae?"

Kimya. Watu wamekaa, wanatazama tu. Muhonja akashindwa kuvumilia.

"Kaa!"

Kijana wa mlangoni akaja mbio. "Mathe, nyamaza. Hapa watu hawajibu. Unaharibu."

 Mwishoni watu walimpigia Kageha makofi wakiwa wamesimama.

Siku ya soko iliyofuata duara lilijaa mapema. Phanuel akaenda kumwita Muhonja, nami nikamfuata. Alikuwa mlangoni akichambua maharagwe.

"Watu wanakungoja, dada."

"Wapelekee yule msichana."

"Yule ni wa mjini. Hawa ni watu wako."

Hakuinua kichwa. "Siku ile nilijiona kutoka viti vya nyuma, Phanuel. Nilikuwa natembea vizuri sana. Sasa nikisimama hapo sokoni, nitakuwa namuiga yeye."

 Tukarudi, tukawaambia watu waende nyumbani.