Receiver ya 5.1 niliyonunua Bujumbura wakati wa vita: subwoofer ilikimbiza mtaa, spika ya kati ikatuokoa

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi kuna member aliuliza humu kama receiver ya 5.1 ya zamani bado ni kitu cha kununua, au achukue soundbar aachane na mawaya. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta naandika, nafuta, naandika tena. Nikaona bora nifungue uzi.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, na waliokuwepo wengi bado wako hai. Siuzi chochote. Receiver yenyewe hata ukinipa gari siitoi. Jina la chapa nalo silitaji, msije mkasema nimelipwa.

Mimi ni mtu wa Bujumbura, mzaliwa wa mtaa wa Jabe. Kiswahili chetu mnakijua, ngeli tunaziacha njiani. Kwa hiyo mkikuta watu wanaongea humu kwa namna yao, msinisahihishe. Ndivyo walivyosema.

Twende.

Enzi hizo vita ilikuwa bado inaendelea. Soko linafunguliwa, watoto wanaenda shule, watu wanaoana. Halafu siku moja mabomu yanarushwa toka milimani, kila mtu anaingia chini ya kitanda. Kesho yake soko linafunguliwa tena.

Mimi nilikuwa fundi magari. Mteja wangu mmoja, mzungu, injinia aliyekaa Kibenga karibu na ziwa, aliamua kurudi kwao. Akatoa vitu vyake vyote kwenye baraza watu waje wanunue. Wenzangu walikimbilia friji na magodoro. Mimi nikaona boksi jeusi zito lenye kitufe kikubwa cha volume, pembeni spika tano ndogo na moja kubwa kama stuli.

Nikamuuliza hiki ni nini. Akachomeka, akaweka DVD, akanisimamisha katikati.

Mvua ikaanza kunyesha nyuma yangu.

Wakuu, nilitazama juu. Jua linawaka!

Nikaichukua siku hiyo hiyo. DVD player akanipa kama zawadi, maana gari lake nililihudumia miaka mingi na halikuwahi kumwacha njiani.

Sasa niwaambie nyumbani palikuwaje, maana bila hilo hamtaelewa mbele.

Tulikuwa watatu: Baba, Mama na mimi. Dada yangu mkubwa Mwajuma alishakimbilia Kigoma na mumewe, tangu mtaa waliokuwa wanakaa uliposhambuliwa. Tulikuwa na miaka hatujaonana.

Baba alikuwa fundi cherehani. Meza yake karibu na soko la Jabe kila mtu aliijua, na mdomo wake pia waliujua. Watu walikuwa wanakuja kusikiliza stori, wanaondoka na suruali. Miezi kadhaa kabla ya mimi kununua receiver, alikwenda mtaa wa Mutanga Nord kupima madirisha ya mteja aliyetaka mapazia. Bomu likaanguka barabarani karibu naye.

Hakupata hata mkwaruzo. Lakini masikio yalikwenda. Daktari alisema moja limekufa kabisa, la pili limebakiza kidogo. Vile vifaa vya kuvaa sikioni tulivitafuta, hatukuvipata.

Meza ya sokoni akaiacha. Mteja anasema fupisha mkono, yeye anarefusha. Msikitini anaenda, anarudi, hajui khutuba imesema nini. Nyumbani anakaa kwenye kiti chake, anatutazama midomo, anatabasamu. Ukimuuliza kitu anajibu "ndiyo". Ukimuuliza kingine, "ndiyo".

Ilikuwa inaniuma, lakini nilikuwa kijana. Nilikuwa na kitu kipya ndani.

Jumamosi mchana nikaalika rafiki zangu wawili kuja kujaribu mashine. Nimepanga spika sebuleni kama yule mzungu alivyonionyesha, ile kubwa, subwoofer, pembeni. Filamu niliyochagua, wakuu, sijui akili yangu ilikuwa wapi. Filamu ya vita.

Mlipuko wa kwanza, vikombe vikacheza kabatini.

Nikageuka niwaone wenzangu wanavyofurahi. Siwaoni. Wako chini wamelala kifudifudi, mikono kichwani. Nami nikajikuta nimepiga magoti bila kuamua. Uani sufuria imeanguka. Nje nasikia watu wanakimbia, milango inabamizwa, mtu anaita watoto kwa majina.

Baba peke yake amekaa kwenye kiti chake. Anatushangaa.

"Mumeanguka nini?" akauliza. "Kuko nini?"

Mama aliingia kutoka uani, unga mpaka viwikoni.

"We Hamisi! Uko na akili kweli? Mabomu ya kule mulima haitoshi, unatuletea ingine mu salon?"

Nikazima. Mlangoni akatokea jirani yetu Mama Zawadi, mtoto mgongoni, kiatu kimoja mguuni.

"Imeangukia wapi?" anahema.

"Mama Zawadi, ni filimu," nikasema. "Nisamehe. Ni filimu tu."

Akakaa pale kwenye ngazi yetu, akalia. Halafu akaanza kucheka huku bado analia. "Na mi nimeacha maharagi ku moto," akasema.

Mchana ule nilipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Kuna mzee mmoja hakunifungulia. Nilimwelewa.

Subwoofer niliichomoa, nikaiweka kona ya chumba changu. Kwenye menu nikaandika subwoofer: NO. Haijawahi kurudi kwenye waya mpaka vita inakwisha. Kwa hiyo ukiniuliza maoni yangu kuhusu bass ya hii kitu: ni nzuri mno. Nzuri kupita kiasi. Fikiria unakaa wapi na waliokuzunguka wamepitia nini.

Baada ya hapo sikuwa na hamu nayo tena. Naiwasha kwa habari na mpira, sauti ya chini, basi.

Halafu ikagoma. Unawasha, sekunde mbili, tak, inajizima. Kioo kinaandika PROTECT. Umeme wetu siku zile ulikuwa unakuja na kuondoka utakavyo, nikajua imeungua. Nikaibeba na spika zake kwa mkokoteni mpaka kwa fundi Kassimu, anayetengeneza redio na televisheni palepale Jabe. Mtu mpole, haongei kabla hajafungua kifuniko.

Akafungua. Akanusa. Akacheka.

"Haiyakufa. Iko inajilinda tu. Tazama nyuma hapa, kawaya kamoja kameenda kugusa kenzake."

Unywele mmoja wa shaba, wakuu! Uzi mwembamba wa waya wa spika umetoka kwenye tundu lake ukagusa tundu la jirani. Hilo ni la kwanza kuangalia kabla hujalaumu mashine au aliyekuuzia. Sokota ncha za waya vizuri.

Kassimu akaunganisha spika zote kuzijaribu, akaweka kaseti ya mawaidha, akabonyeza kitufe kimoja kwenye remote ambacho mimi sikuwahi kukigusa: Pro Logic. Sauti ya shehe ikahama yote, ikaingia kwenye ile spika ndefu ya kati. Zingine zikabaki zinapumua tu.

"Hii ya kati ndiyo mudomo," Kassimu akasema. "Mutu akiongea, anaongelea hapa. Hizi zingine ni makelele ya kumupamba. Ukitaka unaweza kupandisha mudomo peke yake."

Akaingia kwenye menu, akaipandisha center, yaani hiyo ya kati, mpaka mwisho. Ile sauti ilitoka safi kama mtu anayekusemesha uso kwa uso.

Nikamwambia, "Kassimu, rudia. Nionyeshe pole pole."

Akanionyesha mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza, "Ni kwa Mzee?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda nyuma akarudi na deki ya kaseti iliyokuwa imekaa kwake muda mrefu, yenye tundu la maikrofoni. "Chukua. Mi mwenyewe kanzu yangu ya ndoa alinishonea yeye."

Kaseti ya kumwekea Baba nayo ilikuwepo nyumbani. Mwajuma aliituma kutoka Kigoma, kaja nayo mfanyabiashara mmoja. Pande zote mbili anaongea. Mimi na Mama tulishaisikiliza. Baba alikuwepo siku hiyo, tumemwekea redio sikioni, akasema "ndiyo, ndiyo". Mama akamkaririshia kwa kupiga kelele: Mwajuma amejifungua, mtoto wa kike, mzima. Baba akasema alhamdulillah, akainuka akaenda kulala saa kumi jioni.

Siku hiyo nikaweka spika ya kati juu ya meza, karibu na kiti chake, upande wa lile sikio lililobaki. Zile nne nikazishusha mpaka sifuri. Center juu. Treble, zile sauti nyembamba, juu, bass chini, maana sauti nzito zilikuwa zinamvurugia maneno. Nikaweka kaseti.

Baba ananitazama kama mtu anayemvumilia mtoto.

Nikaanza kupandisha volume. Kidogo. Kidogo tena. Mama amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

Mahali fulani pale, Baba aliacha kutabasamu.

Akasogeza kichwa. Akaweka kiganja juu ya spika, kama unavyompima mtu homa. Mwajuma anaongea, anasalimia, anataja watu wa mtaa mmoja mmoja. Baba hapumui.

Halafu akasema, "Huyu mutoto iko na mafua."

Mama akauliza, "Nini?"

"Mwajuma. Iko na mafua. Sikieni pua yake."

Tukasikiliza. Kweli! Sauti imeziba, anavuta pua kila baada ya maneno machache. Mimi na Mama tumeisikia ile kaseti mara ngapi, wala hatukugundua. Tulikuwa tunasikiliza habari. Yeye alikuwa anamsikiliza mwanawe.

Mama alikaa chini palepale alipokuwa.

Tulirudia kaseti mpaka Mama Zawadi akaja mbio kuuliza, "Mwajuma amerudi? Nimemusikia toka kwangu!" Baba akamjibu yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, mtaa mzima ukapata taarifa: "Bado! Lakini amezaa!"

Kesho yake tukarekodi jibu. Baba alishika maikrofoni, akaongea upande mzima bila kupumzika. Stori zote alizokuwa amezifungia. Mwisho akamwagiza mwanawe anywe maji ya tangawizi.

Kuanzia hapo kukawa na desturi. Saa ya habari anakaa na meza yake ya spika, anasikiliza mazungumzo ya kusimamisha vita yamefikia wapi, halafu anatoka barazani kuwaambia wazee wenzake. Wengine wakaanza kuja kusikilizia kwetu. Yule mzee ambaye hakunifungulia mlango naye akaja, akaleta kiti chake. Hatukuzungumzia yale mambo.

Sokoni akarudi. Niligundua kwamba akiwa na mteja anampa chaki na kipande cha ubao, amwandikie. Mwenyewe alibuni. Mimi naona ni kwa sababu alishakumbuka kuwa watu wana jambo la kumwambia.

Barabara zilipotulia, Mwajuma akarudi. Asubuhi, bila taarifa, na binti yake ambaye alishakuwa anaongea vizuri. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Baba, akamshika mikono, akaanza kumwambia mambo. Baba anamtazama midomo, machozi yanamtoka, lakini najua hapati hata neno. Mwajuma akanigeukia, uso umebadilika.

"Hanisikii?"

Nikawasha receiver. Deki nikaiweka kwenye record, nikabonyeza pause, hapo sauti ya maikrofoni inapita moja kwa moja. Nikamkalisha Mwajuma nyuma ya spika ili maikrofoni isipige mluzi. Nikampa maikrofoni.

"Niseme nini?" akaniuliza. Mita moja toka kwa baba yake, ameshika mic kama mtangazaji.

"Sema chochote."

Akasema, "Baba, ni mi."

"Najua ni we," Baba akajibu. "Nasikia. Leta na mutoto aseme."

Yule mtoto alipopewa maikrofoni hakuirudisha. Alimwambia babu yake safari nzima, kuanzia meli, kuku waliokuwa kwenye meli, mpaka mtu aliyetapika. Baba anamuuliza maswali, na maswali yenyewe yanaendana na majibu. Chakula kilipoa. Hakuna aliyewaita.

Baba aliishi miaka mingi baada ya pale na akafa kitandani kwake, na siku zote hizo ile spika haikuondoka mezani.

Sasa kwa ndugu aliyeuliza. Ubora wa sauti: mzuri. Uimara: relay moja (ile swichi ya ndani inayotoa mlio wa tak) na kitufe kimoja ndivyo vilivyobadilishwa mpaka leo. Ubaya: inakula nafasi, inapata joto, iachie nafasi ya kupumua juu. Ukipata ya zamani iliyotunzwa, chukua. Soundbar sizijui vizuri, siwezi kuzisema.

Nililojifunza ni dogo. Nilinunua mashine nikitaka itikise nyumba. Kumbe nyumbani kwetu palikuwa na mtu mmoja aliyehitaji maneno tu. Kabla hujanunua, angalia nani kwako anajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Nenda naye dukani, mkalishe karibu na center, mwache yeye ashike remote.

Karibuni, wakuu. Wenye wazazi wasiosikia vizuri, nyie mmefanyaje? Na kama kuna anayejua zinakopatikana relay za receiver za miaka ile, aniambie, maana yangu imeanza tena kutoa ule mlio wa tak.