Gari Lililobaki na Sauti

Mwezi uliopita mnunuzi wa vyuma chakavu alifika nyumbani kwa bibi, kijijini Mugoma, kuchukua gari la mjomba. Nasema gari, lakini ungeliona ungecheka. Ni pikapu isiyo na injini wala magurudumu, imekalia mawe manne katikati ya migomba, na mpapai umeota palipokuwa na taa ya kushoto. Vijana wake wawili walikwisha inua nyundo. Nikawaomba wangoje kidogo, nikaingia, nikakaa kiti cha abiria, nikapapasa chini ya dashibodi.

Ilikuwa bado ipo. Redio ya upepo.

Siyo redio ya kusikiliza taarifa ya habari. Hii ilisikia na kusema. Ni sanduku la kijivu, zito kama tofali bichi, lenye kitufe cha kuzungusha, kioo kidogo chenye sindano ndani, na kipaza sauti cha mkononi kinachoning'inia kwa waya uliojisokota kama mkia wa nguruwe. Nilipokishika, harufu ile ikanijia: vumbi jekundu, dizeli na mavi ya kuku. Nikawa tena na miaka tisa.

Mjomba alikuwa dereva wa shirika la misaada miaka ya wakimbizi. Kama ulikuwa Ngara unakumbuka: malori barabarani mchana kutwa, na vilima vilivyokuwa na majani tu vikageuka miji ya maturubai. Magari ya kazi yote yalikuwa na redio. Zilipoletwa mpya, mjomba akapewa moja ya zamani, akaifunga kwenye pikapu yake mwenyewe. Wenzake walitamani baiskeli. Yeye alitamani sauti za mbali. Alitafuta leseni mpaka akaipata, akaitundika sebuleni kando ya picha ya Moyo Mtakatifu. Bibi akaitazama sana, akauliza huyo naye ni mtakatifu wa wapi.

Pikapu ilipokufa, redio haikufa. Mjomba aliazima betri kwenye mashine ya kusaga, akaibeba begani hadi nyumbani. Alivuta waya wa shaba kutoka garini hadi juu ya mkaratusi. Kisha alikaa nyuma ya usukani kama mtu aliye safarini, akazungusha kitufe taratibu.

Kwanza ulikuja mvumo, kama mvua inayokaribia kwenye majani ya migomba, ila majani yenyewe hayatikisiki. Halafu mluzi. Halafu mtu akasema maneno ya lugha usiyoijua, kama aliye chini ya maji, akanyamaza katikati. Kuku mmoja alikuwa akilalia mayai kiti cha nyuma. Yeye aliinua kichwa kabla sauti haijaja. Sijui alisikia nini kabla yetu.

Mimi na bibi tulikuwa tukikaa mlangoni pa jiko, tunapukuchua maharage, moshi unatoka juu ya vichwa vyetu. Bibi hakuipenda redio ile. Alisema sauti isiyo na mwili haina adabu. Sisi wajukuu alitufundisha mapema: ukiwa kisimani au ndani ya migomba ukasikia jina lako na humwoni anayeita, usiitike. Ngoja ya tatu. Mtu ataita mara tatu. Kile kingine huchoka haraka.

Aliyekuwa akikaa nasi siku nyingi ni mama mmoja wa Kirundi. Alitoka kambini asubuhi, akatulimia, akarudi na mihogo au mkungu wa ndizi. Kihangaza chetu na Kirundi chake vilisikilizana, kwa hiyo yeye na bibi walipiga soga kama walioolewa mji mmoja. Siku aliposikia fundisho la bibi, aliongeza lake bila kuinua macho kwenye ungo.

"Kwetu kuna na nusu nyingine. Unayemdhania amekufa, usimwite zaidi ya mara mbili. Ya tatu ataitika mwingine."

"Ee, mama we!" bibi akajishika kifua. "Unanitisha, na mimi ndiye mtishaji wa hapa!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Usiku ule nilivuta blanketi mpaka kichwani.

Mama yule alikuwa amepotezana na mwanawe wakati wa kuvuka mto. Walimwambia mtoto alizama. Hakuwa akilisema sana, lakini redio ilipoanza kuvuma, jembe lake lilibaki hewani.

Sasa mjomba alikuwa na rafiki wa redioni, mwalimu mmoja wa Runazi, kule Biharamulo. Hawakuwahi kuonana. Walifahamiana kwa kikohozi. Siku moja yule mwalimu akasema kuna kijana wa Kirundi anayelima mahindi jirani yake, na jina la baba na la mlima alikotoka ni yaleyale mjomba aliyokuwa akiulizia kwa ajili ya mama yule. Tatizo, kijana aliambiwa mama yake alifia njiani. Hataki kuamini majina, maana jina hata mwongo hulijua. Anataka sauti.

Kwenda hakukuwezekana. Mkimbizi hakutoka mbali na kambi bila kibali, na msitu wa njiani ulikuwa na majambazi. Ikabaki redio. Wakapanga Jumamosi, saa sita mchana.

Jumamosi hiyo ukungu haukuondoka. Saa sita ilifika bado umekaa ndani ya migomba kama moshi uliokosa njia, na hakuna ndege aliyelia. Mama yule wa Kirundi alikuja amejifunga kitenge safi. Akakaa nyuma ya usukani, mimi kiti cha abiria. Mjomba alipowasha tu, mvumo ukakatika. Waya ulikuwa umelegea juu. Akavua viatu.

"Shika hiki," akaniambia, akinipa kipaza sauti. "Akiita, bonyeza, mama aseme. Akimaliza, achia. Usipobonyeza hawatusikii. Umeelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi tangu utoto si msemaji.

Akapanda mkaratusi. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Shuka huko! Mzee mzima unapanda miti kama ngedere!"

"Niache, mama! Niko Biharamulo!"

Mvumo ukafunguka. Nikamsikia yule mwalimu, mbali sana: "Mugoma, huyu hapa." Kisha kimya, kisha kuku akainua kichwa.

"Mawe."

Hivyo ndivyo Warundi wanavyomwita mama. Neno moja tu, jembamba, kama linatoka kisimani. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikamtazama mama. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Mkono wake ukaja juu ya wangu, baridi, una udongo kwenye mikunjo, ukakiondoa kidole changu taratibu.

"Ngoja," akanong'ona. Akainua kidole kimoja.

"Mawe?"

Vidole viwili.

Tukangoja cha tatu. Kutoka juu ya mti mjomba alipiga kelele: "Mbona kimya? Bonyeza! Bonyeza, we mtoto!" Nilijua redio inavyofanya kazi. Nilijua kule Runazi wanasikia mvumo mtupu. Lakini nilijua pia nilivyofundishwa, na aliyenishika mkono alikuwa mtu mzima. Sikubonyeza. Sindano ilitetemeka kwenye kioo, ikashuka kidogo, ikashuka tena.

Cha tatu hakikuja.

Mama alivitazama vidole vyake viwili kama vya mtu mwingine. "Mara mbili," akasema. "Ameniita mara mbili." Halafu akanigeukia. "Ni yeye. Hilo nilimfundisha mimi."

Akaninyang'anya kipaza sauti, akabonyeza kwa mikono yote miwili, akaitika, akalitaja jina la mwanawe, akaitika tena. Lakini taa ya kioo ilikuwa imekwisha zimika. Betri ilikuwa imekufa.

Siku ya tatu ndipo mjomba alipopata betri nyingine. Yule mwalimu alikohoa, akachelewa kusema. Kijana aliondoka jioni ileile. Alisema mama yake angekuwa hai angeitika. Amemwita mara mbili, ya tatu hathubutu. Alipanda lori, na hakuna aliyejua lilikoelekea.

Tangu hapo mama alikuwa akifika saa sita, betri ipo au haipo, anaingia garini na kufunga mlango. Sisi tuko jikoni, tunasikia mtu anaitika na hakuna aliyemwita. Kimya. Anaitika tena. Bibi aliacha mwiko ndani ya ugali mpaka kule kuitika kuishe. Na fundisho lake la mara tatu hakulirudia tena kwa mjukuu yeyote.

Malori ya kuwarudisha wakimbizi kwao yalipokuja, mama alipanda na jembe lake. Alinishika mkono uleule. "Akiita," akasema, "itika."

Leo mkaratusi umekatwa. Vilima vya maturubai vimerudi kuwa vya majani na maharage, na mtoto wa leo ukimwambia palikuwa na mji pale anakuona mwongo. Kikohozi cha mwalimu kilikoma kusikika mwaka fulani, hatukujua alizikwa wapi. Mjomba na bibi wamelala kando ya migomba.

"Dada, tuanze?" kijana mwenye nyundo aliniuliza.

Nikafungua skrubu nne, nikatoka na sanduku kifuani. Wakaanza kugonga.

Sasa ninaiwasha kwa betri ya sola, saa sita. Leseni sina, lakini mjomba alisema kusikiliza hakuhitaji leseni, na mimi kusikiliza ndiko nikujuako. Siku nyingi ni mvumo tu. Juzi sindano iliinuka yenyewe. Mvumo ukapasuka katikati, kukawa na utulivu mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema.

Sikungoja aite. Nikabonyeza.

"Abee," nikasema.